Kikao cha Saba cha Kamati ya Sauti, Kuhusu Kusikiliza Muziki Bila Waya

KAMATI YA SAUTI, CHUMBA CHA KUSHONEA, GHOROFA YA PILI

Kumbukumbu za kikao kilichofanyika Jumamosi, tarehe 14, kwenye meza ya kukatia vitambaa, kuanzia saa tisa na robo alasiri, mashine zikiwa zimezimwa.

WALIOHUDHURIA
1. Mkata vitambaa, almaarufu Mkasi – Mwenyekiti
2. Bi Vifungo, mshona vifungo na zipu – Mtunza vifaa
3. Mshonaji wa mashine namba nne (mama yake Katibu) – Mjumbe
4. Mshonaji wa mashine namba tano (mama mdogo wa Katibu) – Mjumbe
5. Mpiga pasi – Mjumbe
6. Mwanafunzi, mkunja nguo wa Jumamosi – Katibu

MWALIKWA
Fundi Waya, mtengeneza redio wa chumba cha chini ya ngazi

ASIYEHUDHURIA
Mwenye karakana. Alituma ujumbe kwamba masikio ya watu hayamhusu, ili mradi moja libaki wazi.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kugonga meza na mkasi. Aliwakumbusha wajumbe kwamba Kamati iliundwa baada ya vurugu za redio kubwa, kila mtu alipokuwa akitaka stesheni yake. Tangu hapo washonaji wawili wawili hutumia kicheza muziki kimoja cha mfukoni na hedifoni moja, kila mmoja sikio lake, na sikio la pili hubaki wazi ili mtu asikie mashine yake na asikie akiitwa.

Mwenyekiti alieleza pia kwamba Katibu alichaguliwa kwa kuwa anasoma shule ya lugha mbili na hana maneno mengi. Katibu anakubali yote mawili. Anaomba radhi kwamba baadhi ya mambo ambayo hakuweza kuyasema kikaoni ameyaandika humu, kwa sababu karatasi haimwangalii mtu usoni.

KUMB. NA. 2/7: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Kumbukumbu za kikao cha sita zilisomwa. Mjumbe wa namba tano alipinga sentensi isemayo "wajumbe wa namba nne na namba tano walibadilishana maneno." Alisema hawajabadilishana hata neno moja na hana mpango huo. Mjumbe wa namba nne alimwomba Bi Vifungo amwambie huyo mwenzake kwamba leo amesema kweli, tuandike tarehe. Bi Vifungo alijibu kwamba yeye ni mshona vifungo, si posta.

Sentensi ilisahihishwa isomeke "walizungumza na Mwenyekiti kwa wakati mmoja." Kumbukumbu zikathibitishwa.

KUMB. NA. 3/7: YATOKANAYO: WAYA ULIOSHONWA
Mwenyekiti alitoa taarifa kwamba Jumanne iliyopita waya wa hedifoni ya namba nne na namba tano ulishonwa ndani ya mkono wa shati la shule la mteja. Jambo hilo halikugundulika mpaka namba tano alipoinuka kufuata uzi na shati likamfuata.

Namba nne alisema waya ulivutwa. Namba tano alisema, akimtazama Mpiga pasi, kwamba kuna watu wanashona huku wamefumba macho wakidhani wako peke yao duniani. Mpiga pasi alisema, "Jamani, mimi nimefanya nini?"

Kwa faida ya atakayesoma baadaye, Katibu anaeleza yafuatayo, ambayo hayakusemwa kikaoni kwa kuwa kila mtu chumbani anayajua.

Kicheza muziki hicho kilikuwa cha babu. Nyimbo zilizomo alizipanga mwenyewe. Alipofariki, mama hakukubali kibaki kwa mama mdogo, na mama mdogo hakukubali kibaki kwa mama, kwa hiyo kinalala kwenye droo ya Mwenyekiti. Mchana kinakaa katikati ya mashine mbili. Waya ukivutwa mara moja, maana yake ruka wimbo huu. Ukivutwa mara mbili, punguza sauti. Wamefanya kazi hivyo tangu mazishi na hawajahitaji kufungua midomo.

Chanzo ni simu. Siku babu alipozidiwa, mama alimpigia mama mdogo. Mama anasema simu iliita na haikupokelewa. Mama mdogo anasema simu haikuita kabisa, na alikuwa nayo mkononi. Alipofika hospitali alikuta kitanda kimeshatandikwa upya. Hajaingia nyumbani kwetu tangu hapo. Kila mmoja anaamini mwenzake ni mwongo.

Iliamuliwa kwamba mteja apewe shati jingine.

KUMB. NA. 4/7: UVUMI KUHUSU VICHEZA MUZIKI VISIVYOHITAJI WAYA
Fundi Waya alikaribishwa. Alieleza kwamba dunia imeshahama, sisi tu ndio tumebaki tunafungana kamba kama mbuzi wa mnadani. Alitoa karatasi aliyoichapisha kutoka kwenye mtandao, iliyoandikwa kwa lugha nyingine, akaomba Katibu aisome na kuifasiri.

Katibu alisoma. Mwenyekiti alimtaka aongeze sauti. Katibu aliongeza kidogo. Karatasi ilisema kwamba watengenezaji hawajatangaza chochote, ila watu wanakisia kwamba vicheza muziki vijavyo vitawekewa uwezo wa kuwasiliana bila waya. Mwandishi wake alifikiri mtu ataweza kumrushia mwenzake wimbo hewani, au wawili kusikiliza kimoja wakiwa mbalimbali. Aliongeza kwamba betri itakwisha upesi na kwamba hata yeye hana hakika.

Bi Vifungo aliuliza, "Kwa hiyo huyo bwana ameandika ukurasa mzima kusema hajui?"

Fundi Waya alijibu kwamba wenye akili huanza kwa kukisia.

Mpiga pasi alitaka kujua kama mtu ataweza kumrushia wimbo asioutaka wakati ameshika pasi ya moto. Bi Vifungo alimwambia asiwe na wasiwasi, nani atapoteza betri yake kwa ajili yake. Mpiga pasi alisema huyo mama ana bahati kwamba yeye, Mpiga pasi, ni mtu wa heshima.

Mwenyekiti aliuliza kama Kamati isubiri vifaa hivyo vitoke. Fundi Waya alisema hakuna haja ya kusubiri. Ameshafunga kidude chake cha kurushia, ambacho kinabandikwa mgongoni mwa kicheza muziki, pamoja na vipokezi viwili vya kuvaa sikioni. Aliviweka mezani. Kidude kilikuwa na taa ndogo ya buluu na gundi nyingi.

Mjumbe wa namba tano alisema anaunga mkono kwa asilimia mia. Alikumbusha kwamba katika kikao cha nne aliomba kuhamia mashine namba kumi na moja, dirishani, kwa kuwa macho yake yanahitaji mwanga. Mwenyekiti alimkatalia kwa sababu waya haufiki huko. Sasa kama waya haupo, sababu nayo haipo.

Mjumbe wa namba nne alisema yeye anapinga. "Vitu vya hewani mimi sivitaki. Waya nauona, najua umeanzia wapi na umeishia wapi. Nilishawahi kutuma kitu hewani kikapotea, halafu mimi ndiye nikaonekana sina maana."

Namba tano alimwambia Mwenyekiti, "Kilichotumwa hufika. Kisichofika hakikutumwa."

Mwenyekiti alipanga upya chaki zake.

Katibu naye alikuwa na maoni lakini hakunyoosha mkono. Maoni yenyewe ni haya: waya ule ni mfupi, na ndiyo maana mama na mama mdogo bado wanakaa bega kwa bega siku nzima. Ukiondolewa, mama mdogo atahamia dirishani, halafu atahamia chumba kingine, halafu nitakuwa namwona kwenye misiba tu. Katibu aliomba kimoyomoyo kidude kisifanye kazi. Anajua si vizuri kumwombea fundi wa watu mabaya.

KUMB. NA. 5/7: JARIBIO
Iliamuliwa jaribio lifanyike papo hapo. Kicheza muziki kilitolewa kwenye droo na kubandikwa kidude. Namba nne alibaki kwenye mashine yake akiwa nacho, na kipokezi kimoja sikioni. Namba tano alichukua kipokezi cha pili akaenda dirishani, akakaa mashine namba kumi na moja, akanyoosha miguu. Fundi Waya aliwasha. Taa ya buluu ikawaka.

Ilibainika kwamba kidude kinafanya kazi. Namba tano alianza kutikisa kichwa, na namba nne naye, mmoja huku na mwingine kule, kwa mdundo uleule. Bi Vifungo alisema hata asiyewafahamu angejua hawa wametoka tumbo moja. Fundi Waya alitazama dari kama mtu asiyependa sifa.

Mpiga pasi, ambaye alikuwa amechoka kusimama, alisogeza kabati la chuma la nguo zilizopigwa pasi ili apate pa kuegemea. Kabati likakaa katikati ya chumba.

Namba tano aliacha kutikisa kichwa. Alisema, "Mwambieni aache kuzima."

Namba nne alisema, "Sijazima."

"Amezima. Huku kimya."

"Taa si hii hapa inawaka? Njoo uone mwenyewe!"

"Nije nione nini? Mimi nasikia, au tuseme sisikii. Umezima kwa makusudi kwa sababu nimekaa dirishani."

Mwenyekiti alitaka iandikwe kwamba wajumbe sasa wanazungumza moja kwa moja, jambo ambalo ni kinyume cha sahihisho la Kumb. Na. 2/7. Imeandikwa.

Ili kumaliza ubishi, Mwenyekiti alimwagiza Katibu akague pande zote mbili. Katibu alikwenda kwanza namba nne. Taa ilikuwa inawaka. Aliazima kipokezi cha mama akakiweka sikioni. Wimbo ulikuwa unaendelea, ule wa tatu, ambao babu alikuwa akiuimba anaponyoa ndevu. Kisha alikwenda dirishani, akaazima kipokezi cha mama mdogo. Hapakuwa na kitu. Hata mkwaruzo haukuwepo.

Katibu alirudi katikati ya chumba. Watu wote walimtazama. Alisema kwamba kwa mama inatoka, na kwa mama mdogo haifiki, na hakuna aliyezima.

Mwenyekiti alisema hajasikia.

Katibu alirudia kwa sauti: "Mama ametuma kweli. Na mama mdogo hajapata kweli. Wote wawili."

Fundi Waya alifafanua kitaalamu kwamba anayerusha hana njia ya kujua kama mwenzake amepokea. Taa yake itaendelea kuwaka tu, hata kama huko mbele kuna ukuta. Alisema hayo akimlaumu Mpiga pasi kwa kabati.

Bi Vifungo aliacha kupanga vifungo. Namba tano alikuwa amekishika kipokezi kiganjani, anakitazama.

Kisha aliuliza, bila kupitia kwa Mwenyekiti, "Na siku ile?"

Namba nne alisema, "Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita tena. Nikasema huyu ananiona na hapokei. Baba yuko kitandani anauliza umefika wapi, mimi namwambia yuko njiani."

"Haikuita, dada. Wallahi haikuita. Nilikuwa naitazama."

"Kwangu iliita."

"Nimesikia. Nasema kwangu haikuita."

Mwenyekiti aliuliza kama hoja hiyo imo kwenye ajenda. Bi Vifungo alimwambia, "Mkasi, hebu kaa kimya kidogo." Mwenyekiti alikaa kimya.

Ilipita kama dakika moja ambayo Katibu hakuandika, kwa kuwa alikuwa anafuta miwani yake.

KUMB. NA. 6/7: MAAMUZI
Fundi Waya aliomba Kamati inunue vidude sita. Mwenyekiti alisema jaribio limeonyesha kwamba sauti inakatika, na Kamati haiwezi kununua kitu kinachoshindwa na kabati. Fundi Waya alisema kabati ndilo liondolewe. Mpiga pasi alisema kabati lilikuwepo kabla ya Fundi. Hoja ilipigiwa kura na kukataliwa. Fundi Waya alisema tutamkumbuka watengenezaji watakapovileta vyao, akabandua kidude chake. Kipande cha rangi ya kicheza muziki kilibanduka nacho. Aliombwa radhi, halafu akaombwa na yeye aombe radhi.

Ilikubaliwa kwamba uvumi ulioko kwenye karatasi uendelee kufuatiliwa, na kwamba waya uendelee kutumika, ila ubanwe kwa pini begani ili usifike kwenye sindano.

KUMB. NA. 7/7: MENGINEYO
Mwenyekiti alimtaka namba tano arudi kwenye mashine yake, kwa kuwa sababu ya waya bado ipo. Namba tano alikataa. Alisema mwanga wa dirishani ni mzuri na macho yake ni yaleyale. Mwenyekiti alimuuliza sasa waya utafikaje.

Namba tano alisema, "Dada ndiye ahamie huku. Namba kumi na mbili haina mtu, ina majora ya vitambaa tu."

Namba nne alisema mashine yake ameizoea, hawezi kushonea mashine ya watu. Namba tano alisema basi aje na mashine yake. Namba nne alisema ile mashine ni ya chuma tupu, si mkoba. Namba tano alimuuliza kama amesahau nani aliisukuma kuipandisha ngazi hizi, au umri umeshaanza. Namba nne alisema, "Wewe una adabu mbovu tangu utotoni," akaanza kuchomoa waya wa umeme ukutani.

Mwenyekiti alieleza kwamba kuhamisha mashine kunahitaji ombi la maandishi, kisha idhini ya mwenye karakana, kisha nafasi kupimwa kwa futikamba. Wakati anaeleza, wajumbe hao wawili walikuwa wameshainyanyua, mmoja upande huu na mmoja upande ule, wakiambiana taratibu, wewe kwanza, hapana shusha, mguu wako. Mpiga pasi aliondoa kabati njiani bila kuagizwa.

KUFUNGA
Mwenyekiti alitangaza kwamba kikao kimekwisha saa kumi na dakika arobaini jioni. Hakusikika vizuri kwa sababu ya kelele za mashine kuburutwa sakafuni, lakini Katibu alimwona anafungua na kufunga mdomo, na anathibitisha kwamba alitangaza.

Mama mdogo ameuliza leo nyumbani kwetu tutakula saa ngapi. Katibu amemjibu.

Mkata vitambaa (Mkasi), Mwenyekiti ……………………

Mwanafunzi, mkunja nguo, Katibu ……………………