Mgongo wa Baba Mkwe

Baba mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimetoka zamu sasa hivi, miguu inawaka moto, lakini nisipokuandikia leo nitapasuka.

Kiharusi kilipokulaza, tulikutoa kijijini Mpitimbi tukakuleta kwetu hapa Songea mjini. Mwanao akajivuna: mke wangu muuguzi, baba yuko salama. Muuguzi gani asiyethubutu kuvuka pazia la mlango wako? Kwa mila zetu mkwe haoni mgongo wa baba mkwe. Wodini nawageuza watu nisiowajua kila baada ya saa mbili, wewe nakusalimia nimepiga magoti koridoni.

Nikabaki kumfundisha mume wangu kwa mdomo. "Mlaze ubavu. Weka mto katikati ya magoti." Akishakugeuza, wageni hao, wanakuja kukupa pole. Anakurudisha chali ili mtazamane. Ukalala chali kutwa kwa ajili ya heshima. Ngozi ya chini ya kiuno ikawa nyeusi zaidi na ya moto, naye mwanao, bila kuniambia, akawa anaisugua kwa mafuta, kumbe ndivyo anazidi kuiumiza.

Halafu ikaja harufu. Niliitambua kabla ya mtu yeyote. Na bado nilikaa nje siku tatu, Baba. Niliogopa midomo ya mashangazi.

Siku ya nne nilibeba dawa na bandeji. "Baba, nisamehe, naingia." Ulivuta shuka kwa mkono ulio mzima, ukajifunika uso, ukaniachia mgongo. Nilikupenda sana saa ile. Kidonda kilikuwa kinameza kidole. Nilikisafisha kila siku, nikakulisha mayai na dagaa mpaka ukanung'unika, "Mkamwana, unanenepesha nguruwe wa Krismasi?" Nyama ikajaa taratibu kutoka chini, miezi minne mizima.

Kiharusi cha pili ndicho kilichokuchukua. Wanaume waliokuosha walisema kidonda cha mgongoni kilikuwa kimefunga. Nilifurahi pale pale msibani, nikaona aibu.

Mwanao anaamini nilisikia harufu asubuhi ile ile niliyoingia. Jana kanisani kanisifu tena mbele ya jumuiya nzima, nami nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Nimechoka. Akirudi kutoka kazini jioni hii nitamwambia ukweli.

Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua. Ila nadhani ulijua. Pazia lilikuwa jembamba, na siku zote tatu ulisikia nyayo zangu zikija, zikisimama, zikirudi. Ulinyamaza, ukaniachia muda.

Pumzika, Baba.

Mkamwana wako