Mume Wangu Alinikana Mlangoni mwa Trela Yetu

Mpendwa Shangazi Verna,

Naomba unisaidie kabla sijafanya la pili, maana la kwanza nimeshalifanya na kambi nzima inalizungumza.

Mimi ni mke wa wiki kumi na moja. Nimeolewa na mwanamume mwenye vishimo mashavuni, anayeimba akiosha vyombo, anayenifungulia mlango wa gari mpaka leo, na nampenda kiasi kwamba nikimwona anakata nyasi natoka nje na glasi ya maji ambayo hata hajaiomba. Nataka ulijue hilo kwanza, kwa sababu yatakayofuata yatakufanya udhani simpendi. Nitamwita Corwin. Wiki hii simsemeshi.

Mwezi wa tatu, kabla ya harusi, tulinunua trela ya kulala ya mwaka 1959, zile zenye umbo la kopo la nyama lililolazwa ubavu, kutoka kwa mkulima mmoja karibu na Viroqua aliyekuwa anahifadhi humo chakula cha kuku. Tukaipa jina la Pichi. Ilinuka panya, dirisha moja lilikuwa limezibwa kwa gunia, lakini mimi niliingia nikaona kitanda kidogo, jiko dogo, meza ndogo ya watu wawili tu, nikamwambia Corwin kwamba fungate yetu hatuendi hotelini, tunakwenda na nyumba yetu wenyewe nyuma ya gari. Akanibeba akanizungusha pale pale uani kwa mkulima.

Kuta za ndani zilikuwa za mbao, na mbao zilikuwa zimenyonya maji ya mvua miaka na miaka hadi zikawa na madoa meusi kama ramani. Tulisugua, tukapiga msasa, tukajaribu dawa tatu, madoa yakabaki pale pale. Basi Corwin, Shangazi, Corwin, si mimi, ndiye aliyesema, "Mpenzi, tupake rangi. Rangi ya siagi. Tukiamka asubuhi iwe kama jua limelala na sisi." Nani angekataa maneno kama hayo? Tulipaka siku nane katika gereji ya baba yangu, yeye juu, mimi chini, tukikutana katikati tunabusiana, na ninayo picha yake ameshika brashi, pua yote njano, anacheka. Hizo ndizo siku tamu kuliko zote nilizowahi kuishi, na ndizo alizozichukua akazitupa mbele za watu.

Mwezi wa sita tulikwenda kwenye mkutano wetu wa kwanza wa trela za zamani, kando ya ziwa, siku nne. Hatukujua kitu. Walitufunga utepe wa kijani kifuani ili watu wajue sisi ni wageni, na kweli walitupokea vizuri mno. Corwin alipokuwa anarudisha trela kinyumenyume kwenye kiwanja chetu wazee saba waliacha kahawa zao wakaja kumwelekeza kwa pamoja, huyu anasema kata kushoto, yule anasema kushoto kwake yeye, si kwako, na mzee mmoja, Delbert Kvam, jirani yetu wa kulia, akaleta vipande vya mbao akatusawazishia trela mpaka yai likatulia mezani bila kubingirika. Mkewe, Bi. Ardith, akatuletea bakuli la viazi vya kuoka na jibini. Taa za rangi kila trela, mapazia ya maua, heroe wa plastiki kwenye nyasi. Nilimwambia Corwin, hawa ndio watu wetu.

Jumamosi ndiyo siku ya milango wazi. Unashusha ngazi, unafungua mlango, watu wanapita trela hadi trela, na wenye trela wanasimama mlangoni wanasimulia waliipata wapi na waliitengenezaje. Mume na mke husimulia pamoja, mmoja akisahau mwenzake anakumbusha. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi simulizi letu tangu Alhamisi. Corwin akasimama nje chini ya turubai la kivuli, mimi nikakaa ndani na jagi la juisi ya ndimu kuwakaribisha wageni.

Wa kwanza alikuwa Bi. Ardith. Yake ni ya mwaka 1956 na anasema kila msumari ni wa kiwandani. Alipanda ngazi, akaingiza kichwa, akaweka mkono kifuani kama mtu aliyefika msibani.

"Mungu wangu," akasema. "Nani kaziua hizi mbao?"

Nikafungua mdomo. Lakini Corwin alinitangulia kutoka nje.

"Ni mke wangu, Bi. Ardith! Nilirudi kazini nikakuta kashamaliza. Sasa ningefanya nini? Kadi za harusi zilikuwa zishatumwa!"

Mzee Delbert akacheka mpaka akakohoa. "Pole sana, kijana. Mfichie brashi huyo!"

"Nimeficha hata mswaki wake!"

Shangazi, nilibaki na jagi mkononi. Nikajisemea ni utani, amebabaika, atarekebisha. Wakaja wengine, wakauliza, akasema vile vile. Wakaja wengine. Unajua kuta za trela zilivyo nyembamba, nilisikia kila neno, na kila alipolisimulia lilikua. Saa tano alikuwa amenikuta nimemaliza. Saa sita alikuwa amepiga magoti kuniomba nibakize angalau ukuta mmoja. Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimepaka kwa ufagio. Na wale wazee wakimpiga mgongoni, wakimwita "mwenzetu," na yeye ameng'aa kama mtoto aliyepewa baiskeli, na mimi ndani namimina juisi, nacheka na wageni, meno yamekauka. Halafu mama mmoja aliyevaa kofia ya majani akanipapasa shavu, akaniambia, "Usijali, binti. Rangi hutoka. Mshukuru Mungu kakupa mwanamume mwenye subira."

Mwenye subira!

Nikamwomba atoke. Nikafunga mlango, siku ya milango wazi, saa nane mchana, jua linawaka. Nikapandisha ngazi, nikakunja turubai letu. Corwin alikuwa ameondoka na Delbert kwenda kutazama breki za mtu. Nikarudisha gari, nikafunga trela kwenye gari kama yeye mwenyewe alivyonifundisha, hatua kwa hatua, busu kwa kila hatua, nikaondoka.

Nilisahau miguu. Ile miguu minne ya chuma unayoishusha kwenye pembe za trela ili isiyumbe ukitembea ndani. Yote minne ilikuwa chini. Nikasikia mlio kama ng'ombe anazaa, watu wakaanza kupiga kelele, "Miguu! Miguu!" na mimi kwa hasira nikazidi kukanyaga mafuta. Nililima nyasi mifereji minne. Mguu wa nyuma ukanasa kamba ya turubai la Bi. Ardith, turubai la mistari alilolishona kwa mkono wake, likang'oka lote likanifuata mpaka getini na heroe sita wa plastiki ndani yake.

Corwin alinifikia hapo anahema. Unajua alisemaje? "Umenidhalilisha mbele za watu!" Mimi ndiye niliyemdhalilisha yeye!

Sasa Bi. Ardith ameleta kadi. Ameandika tu, "Mwezi wa tisa tunakutana tena pale pale. Njooni. Turubai limechanika sehemu mbili." Corwin anasema niombe msamaha yaishe, kwamba lile la rangi lilikuwa mzaha wa kiume na wanaume walicheka likapita. Halikupita, kwa sababu amepatana na Delbert kwamba wao wawili wataikwangua rangi yote kabla ya mkutano, na kopo la dawa ya kukwangulia liko gereji tayari. Mimi nimehamia ndani ya Pichi, uani kwetu, nimejifungia na rangi yangu. Kila asubuhi anagonga na kahawa. Naipokea kahawa, nafunga mlango.

Nimechapisha ile picha ya pua ya njano, kubwa kama mlango, na nia yangu ni kuibandika kwenye ubao wa matangazo wa kambi, halafu nione nani atacheka. Je, nifanye hivyo? Au niombe msamaha kwanza, wakati yeye hajasema ukweli? Au nimuuze Pichi nisahau kwamba niliwahi kuwa na furaha namna ile?

Bibi Arusi Mwenye Hasira
Kaunti ya Vernon, Wisconsin

*

Bibi Arusi,

Una haki ya kukasirika. Nianze hapo, usije ukafikiri nimekaa upande wa mwenye vishimo mashavuni. Mumeo hakufanya mzaha. Mzaha ni mara moja. Ukiurudia kutwa nzima na kila mara unaupamba, ukijua mkeo anasikia nyuma ya ukuta, hapo umemuuza mkeo ili upate kiti kwenye duara la wazee. Alitaka kuitwa "mwenzetu," akaona njia fupi ni kukukanyaga wewe, akapita. Halafu anathubutu kukuambia umemdhalilisha. Mwambie Shangazi Verna amesema aibu yake.

Sasa zamu yako. Kwa saa tatu nzima ulikaa umeshika jagi. Dirisha lipo, mdomo unao. Ulishindwa nini kutoa kichwa ukasema, "Na yeye alipaka juu, ndiyo maana kuna matone"? Wangecheka, angecheka, simulizi lingekuwa lenu wawili kabla ya saa tano na nusu. Badala yake ulitabasamu, ukaiva ndani kwa ndani, kisha ukakokota tani moja ya bati na mbao katikati ya watu na miguu ipo chini. Kiti cha mtu kingekuwa pale ulipopita, na mtu juu yake, leo usingekuwa unaniandikia habari za rangi. Mimi na marehemu mume wangu tulikokota trela miaka kumi na tisa. Kila mwaka kuna mgeni anayesahau miguu. Lakini huyo husimama anapopigiwa kelele.

Na kuhusu hizo mbao, nikupe siri. Nusu ya kuta unazozisikia zikisifiwa kuwa za kiwandani ziliwekwa na wajukuu kiangazi kilichopita na kupakwa vanishi. Mbao zilizonyonya maji miaka yote hiyo hazirudi. Mlipaka kwa sababu madoa hayakutoka, na mlipaka vizuri. Bi. Ardith aliuliza swali kali, lakini aliuliza kwa nia ya kujibiwa. Aliyejibu uongo si yeye.

Kwa hiyo mambo mawili haya uyatenganishe. Umeyafunga kamba moja, ndiyo maana hayasogei. Turubai halikukudanganya. Jumamosi hii nenda nyumbani kwa Bi. Ardith, peke yako, bila kadi wala maua, na sindano yako na uzi mnene. Mwambie, "Nimelichana, nimekuja tulishone." Habari za mumeo usizitaje hata akikuuliza. Huo ni msamaha wako na hausubiri mtu mwingine aanze.

Kesho asubuhi akigonga na kahawa, usifunge mlango. Mkalishe kwenye hiyo meza ya watu wawili, katikati ya rangi mliyoipaka, umwambie maneno haya bila kulia na bila kupiga kelele: "Ulisema uongo juu yangu, kila mgeni aliyefika, na nilisikia kila mara. Dawa ya kukwangua haifunguliwi mpaka ukweli usemwe palepale uongo uliposemwa." Akisema yalikuwa maneno tu, mwambie kuwa na wewe unataka maneno tu. Picha iache nyumbani. Ukiibandika, utamfanya achekwe na watu kama alivyokufanya wewe, na mtarudi nyumbani mmedhalilika wote wawili, mkiwa sawasawa na mmefarakana.

Mwezi wa tisa nendeni. Shusheni ngazi, fungueni mlango, na safari hii usikae ndani. Simama naye nje, bega kwa bega, na wa kwanza mumwalike Delbert. Corwin ndiye aanze: tulizikuta mbao zina madoa yasiyotoka, mimi nikasema tupake, tukapaka wawili, na mara ya kwanza niliwadanganya. Itamchoma. Acha imchome. Baada ya hapo, kama nyote wawili mnapenda mbao, kwangueni. Kama mnapenda siagi, iacheni, na atakayekunja uso kuna trela nyingine sitini za kutazama.

Na kama siku hiyo ulimi wake utakuwa mzito, akaanza tena na habari za brashi, usingoje saa nane. Mkatize pale pale, uuseme ukweli wewe, mbele ya Delbert, kwa sauti uliyoniandikia mimi. Kisha vuta kiti, kaa chini ya turubai lenu, umimine juisi yako mwenyewe, na ubaki hapo mpaka Jumapili, uondoke wenzako wanapoondoka.

Shangazi Verna