Kiti Kilichosogezwa Mbele

Jumapili, 3 Machi

Kaka alipiga simu saa nne kamili, kama kila Jumapili. Nikalifunua gari lake shuka, nikaweka simu juu ya boneti, nikawasha injini. Akasikiliza. Halafu akasema silinda ya tatu inakohoa. Mwaka mzima macho hayaoni, lakini masikio! Masharti ni yaleyale: dakika kumi za kunguruma, zima, funika. Gari lisitoke bandani. Ndiyo maana aliliita Mwali. Kigari cha Kiingereza, cha zamani kuliko mimi, kijani, viti viwili, paa la turubai. Kaka atamwendesha mwenyewe akishapasuliwa macho.

Nikasema sawa, Kaka. Nikakata simu. Nikafungua geti.

Jumanne, 5 Machi

Nilisema Jumapili ndiyo mwisho. Leo tena! Nimefunika cherehani saa tisa, nikamwambia mteja wa sare kwamba uzi umeisha. Uongo mtupu.

Ila raha yake! Unakaa chini mpaka tairi la lori linakutazama usoni. Paa nimelikunja, kitambaa cha kichwa kikapeperuka — nimekiacha kiende. Usukani wa mbao, mzito. Gia fupi, inaingia kama kitasa kizuri. Klachi inataka mguu wenye adabu, na wangu umelelewa na cherehani. Nimecheka peke yangu barabarani. Nguo zinanuka petroli na ngozi ya viti. Nimeoga mara mbili. Nani ataninusa? Nimeoga hata hivyo.

Ijumaa, 8 Machi

Hospitali. Daktari alituita pembeni, mimi na wifi. Operesheni itaondoa maumivu tu. Kuona, hapana. Kuendesha, asahau.

Wifi akalia. Kisha akaniomba nikamwambie mimi, eti Kaka hunisikiliza. Nikakubali.

Lakini hili lazima niliandike, maana sina pa kulisema. Daktari alipomaliza, aliyenijia kichwani kwanza hakuwa Kaka. Niliwaza: basi Mwali anabaki kwangu. Kabla ya machozi. Kabla hata ya kumshika wifi mkono. Nina roho gani mimi?

Jumapili, 10 Machi

Simu saa nne. Sikumwambia. Alifurahi kwamba silinda ya tatu imepona, akanishukuru kwa kumtunza Mwali wake. Imepona kwa sababu inakimbia! Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Sikutoka. Nimepiga pasi sare kumi na mbili, kujiadhibu.

Jumatano, 13 Machi

Nimetoka. Mpaka daraja la pili.

Jumapili, 17 Machi

Leo hakupiga. Amekuja! Wifi amemshusha getini, akaenda zake sokoni. Nikakimbia bandani, nikatoa mto wangu wa kukalia, nikapangusa vumbi. Kaka akaja akipapasa ukuta, akaingia upande wa dereva. Magoti yakagonga usukani.

Yeye mrefu, mimi ndiye kibushuti wa ukoo. Mto niliukumbuka. Kiti nilikisahau.

Akapeleka mkono chini, akakishika kile chuma cha kurudisha kiti nyuma. Akakiachia. Akatoka, akazunguka kwa kushikilia boneti, akakaa upande wa abiria.

"Haya, nizungushe," akasema.

Tumefika daraja la pili. Kila nilipobadilisha gia alitikisa kichwa, kama mwalimu anayesahihisha daftari. Mara moja alicheka, kile kicheko chake cha zamani. Nilitaka barabara isiishe, na safari hii si kwa ajili yangu. Au pia kwa ajili yangu. Sijui.

Tumerudi, nimezima. Nikaanza kusukuma kiti nyuma, akanizuia mkono.

"Kiache hapohapo, mdogo wangu. Sasa niambie, daktari alisema nini?"

Nikasema ngoja nilete shuka la kufunikia.

Shuka liko palepale bandani, kwenye msumari wake. Mimi niko chumbani na kalamu. Namwona kupitia dirishani, bado yumo garini, uso ameuelekeza mlangoni. Amenyoosha mkono mpaka kwenye usukani. Anapiga honi. Kidogo tu, kistaarabu. Tena —