Wodi ya Kwenye Kitabu cha Ajenti

Ndugu yangu mpendwa Norman,

Salamu nyingi kutoka hapa Mutuini. Baba Debra anakusalimu, kijana wetu Dan anakusalimu, mama naye anakusalimu na anauliza utaoa lini. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mimi ni mzima wa mwili, lakini roho imechafuka. Kwa simu ningelia tu, kwa hivyo nimeandika, na Dan ataipiga picha barua hii akutumie leo.

Jumanne nilimsindikiza Debra River Road kwa ajenti wa kutafutia watoto vyuo vya udaktari ng'ambo. Akafungua kitabu cha picha. "Mama, ona wodi ya chuo chetu huko Poland. Hapa ndipo binti yako atajifunzia."

Norman, hiyo ni wodi ya hospitali ninayofanyia kazi Parklands, ile ninayopiga deki kila asubuhi! Mapazia ni yale yale, na kile kigae kilichovunjika mlangoni, kinachonirarulia matambara. Nikamwambia. Akacheka, akatema maganda ya njugu karibu na viatu vyangu. "Mathe, wewe piga deki, masomo tuachie sisi." Kinyaa kilinishika.

Halafu nje Debra akaniambia, "Mum, umeniaibisha. Wodi zote zinafanana." Ijumaa anaweka sahihi mkataba wa huyo ajenti, na hanisemeshi.

Wewe unaishi huko huko Poland, mji ule ule wanaoutaja. Nenda ukajionee kama hicho chuo kipo. Mimi hataniamini, lakini wewe mjomba wake atakusikia. Nijibu upesi, kabla ya Ijumaa.

Dada yako,
Wangui