Siku Niliyonyamaza Moyo Upimwe

Jumatatu, tarehe 3
Mahamri yangu yameisha sokoni kabla ya saa tatu. Watu wa Garsen wanakula jamani! Stori ya leo: bibi wa pili wa muuza nguo amerudi kwao Chara. Mimi ndio nilijua wa kwanza. Miguu yangu imefura tena. Nikibonyeza, kidole kinaacha shimo. Nimeificha na leso.

Jumatano, tarehe 5
Ndoo moja tu ya maji, nimepumzika mara nne njiani. Naogopa. Mwaka jana jirani yangu Mama Jilo alifura hivihivi. Nikazungusha stori soko lote ati amekanyaga dawa ya uchawi mlangoni kwa mke mwenzake. Watu wakaacha kununua samaki wake. Sasa mimi nimekanyaga ya nani?

Ijumaa, tarehe 7
Kliniki. Daktari amesikiliza kifua, akanyamaza. Sipendi mtu akinyamaza. Ati niende Hola, moyo upigwe picha. Sokoni nimedanganya naenda matanga Ndera.

Jumanne, tarehe 11
Hola. Nimelalia ubavu wa kushoto, nikapakwa mafuta baridi kifuani. Moyo wangu huo kwa kioo, unarukaruka kama kambare kwa beseni. Kompyuta inauchora mstari yenyewe, ukijaa, ukijikaza, halafu inahesabu unasukuma damu kiasi gani. Mimi nikiogopa naongea. Nimempa daktari habari za Garsen zote. Namba ikatoka: ishirini kwa mia. Nikalia.
"Mama, ukiongea mstari unatoka nje ya moyo. Nyamaza. Shika pumzi."
Hata kanisani sijawahi kunyamaza vile. Namba ikatoka upya: thelathini na tano. Mzima anapita hamsini. Moyo umechoka, ni ile presha yangu ya zamani, niliacha dawa yake. Nikauliza kama nimekanyaga kitu. Akasema hakuna cha kukanyaga, ni ugonjwa, nimeze tembe kila siku, chumvi nipunguze.
Kutoka nje, Mama Jilo huyo kwa benchi, anangoja picha yake.
"Matanga ya Ndera yameisha?" akaniuliza.
Nilitamani ardhi inimeze.

Alhamisi, tarehe 13
Sokoni kimya. Nimengoja stori yangu ifike. Haikufika. Mama Jilo hajamwambia mtu. Bora angesema. Nimeona haya.

Jumamosi, tarehe 15
Nimepandisha leso mbele ya wanawake wote, nikaonyesha miguu. Nikasema: Mama Jilo hakukanyaga kitu, nilidanganya mimi. Ni moyo, kama huu wangu. Mmoja akacheka. Wengine wakaangalia chini.

Jumapili, tarehe 16
Nimenunua samaki kwa Mama Jilo. Amenisogezea kigoda, nikaweka miguu juu, karibu na yake. Tumekaa mpaka jua likashuka. Sikuongea.