Maharage Yaliyoota Ndani ya Joho la Kwaya

Mpendwa Baba,

Juzi nilikuwa jikoni kwangu hapa Kasulu nikinyunyizia maji maharage niliyoyafunga kwenye kitambaa, mjukuu wako akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuotesha chakula ndani ya nyumba. Nikamwambia, "Babu yako." Hakuamini. Anakujua kwa ile picha moja tu, umesimama kando ya cherehani, umenuna kama mtu anayesubiri hukumu. Nimeona nikuandikie, maana picha ile inakusingizia.

Unaukumbuka mwaka ule Mama alipokwenda Muyama kumuuguza Bibi aliyevunjika nyonga? Alituacha Kibondo watu watatu: wewe, mimi mwenye miaka kumi na mmoja, na mdogo wangu Yonasi ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa. Alituachia unga, debe la maharage mekundu na onyo moja: "Baba Domi, nikirudi nisikute watoto wamekonda." Wewe ulikuwa fundi wa nguo anayeheshimika, unashona barazani pa duka la Mzee Seifu, hata mabwana wa ofisini wanakusubiri. Lakini jikoni ulikuwa hujui chumvi inakaa wapi.

Kuni ndizo zilizokuwa shida. Miaka ile ya tisini kambi za wakimbizi zilikuwa zimejaa, na kina mama walizifuata kuni mbali zaidi kila mwezi. Hukumlaumu mtu, kwa kuwa wewe mwenyewe ulivuka mpaka kutoka Burundi ukiwa kijana na kikapu kichwani. Ila mzigo uliokuwa unatutosha wiki nzima sasa ulikwisha kwa sufuria mbili za maharage. Siku ya nne tulikula maharage yaliyogoma kuiva. Yonasi alitafuna moja, akalitoa mdomoni, akakurudishia mkononi kwa heshima zote.

Ndipo ukambeba kwenda kliniki kupimwa uzito. Nami nilikuwapo, nimeshika kadi yake. Ulikuwa mwanaume peke yako kwenye benchi. Nesi alikuwa akiwafundisha kina mama kuotesha maharage: loweka usiku mmoja, mwaga maji, funga kwenye kitambaa chenye unyevu mpaka yatoe mkia. Yakifika hapo yanaiva upesi na kuni zinabaki. Ukanyoosha mkono. Benchi zima likageuka.

"Sista, huo mkia uwe na urefu gani?"

"Kama ukucha wa kidole kidogo, baba."

"Ni inchi ngapi?" Na tayari ulikuwa umeivuta tepu shingoni.

Nesi alicheka mpaka akashikilia mizani.

Mara ya kwanza uliyaloweka kwenye ndoo, ukafunika, ukasahau kumwaga maji. Siku ya tatu harufu ilifika dukani. Mzee Seifu akaja akiwa ameziba pua kwa kofia. "Fundi, kuna kitu kimekufa kwako?" Ukasema lazima ni panya. Kisha, Baba, ukachukua fagio ukamsaidia kumtafuta huyo panya, mkasogeza kabati na kitanda, wakati mimi nyuma ya nyumba nazika maharage.

Mara ya pili ulikuwa mwanafunzi mwema. Maji uliyamwaga, ukayafunga maharage kwenye fulana yako kuukuu, ukayaweka kikapuni nyuma ya mlango, ukawa unayanyunyizia asubuhi na jioni. Ukiwa barazani ulinituma kila saa: "Domi, kaangalie kama yameamka." Siku ya tatu yakaamka. Ukayapima mikia kwa tepu. Tukayasugua maganda yakaelea, tukayachemsha sana kama nesi alivyosisitiza, na yakaiva laini huku nusu ya kuni zimebaki pembeni. Yonasi alimaliza bakuli lake akaanza langu.

Lakini ulikuwa na sharti. "Mtu akiuliza, anapika Domitila." Uliogopa kuchekwa. Fundi mzima, baba wa watoto, anakaa kwenye mafiga! Ulipika mlango umefungwa, moshi ukakutoa machozi, ukitoka nje unasema una mafua. Mimi nikapata sifa nisizostahili. Mama wa jirani alionja, akanishika mkono. "Domi mwanangu, unayafanyaje haya maharage?" Nikasema, "Nayaamsha." Akaondoka akiamini ninayaombea.

Sasa nifike kwenye lile joho. Mama Eliya, mwalimu wa kwaya, alikuletea kitambaa cheupe cha marekani ushone majoho ishirini ya Pasaka. Wakati huohuo fulana yetu ilikuwa imechanika kwa kuloweshwa kila siku. Ukatazama huku na huku, ukachukua kipande ulichokwisha kukata, mgongo mzima wa joho. "Siku tatu tu," ukaniambia. "Nitakifua, hakuna atakayejua." Wiki ile kazi ikakuzidi, tukala ugali na mboga za majani, maharage yakasahaulika kikapuni. Ulipokumbuka, mizizi ilikuwa imepenya kwenye nyuzi za kitambaa kama imeshonwa na fundi mwenzako. Ukaing'oa mmoja mmoja kwa sindano, mingine ikakatikia ndani. Ukafua, ukaanika, ukafua tena. Ile rangi nyekundu ya maganda haikutoka. Mgongo wa joho ukawa kama wa mtu mwenye tetekuwanga, na kitambaa cha akiba hakikuwapo, ukalishona hivyohivyo.

Mama Eliya alikuja siku ya kupima, baraza limejaa watu. Yule mama alikuwa na sauti ambayo haikuwahi kuhitaji kipaza. Akaliinua lile joho juu.

"Fundi, ni nini hiki?"

Ukainamia cherehani.

"Hii ni mizizi! Nani amefunga ibiharage kwenye nguo ya kanisa?"

Macho yote yakanigeukia mimi, maana mji mzima ulijua ni nani mpishi wa maharage yaliyoamka. "Domitila?" akasema. Mtoto aliyepasua ngoma ya kwaya mwaka uliotangulia alisimamishwa mbele ya waumini wote akaomba radhi huku analia. Nikakutazama. Nawe ukanitazama. Ilikuwa rahisi sana, Baba. Sharti ulikuwa umeliweka mwenyewe, nami ningelitii.

Ukasimama.

"Ni mimi. Mtoto hana kosa. Ninayeotesha maharage ni mimi, na anayepika pale ndani siku zote ni mimi."

Mzee Seifu aliacha sukari juu ya mizani. Baraza likalipuka kwa kicheko. Mteja mmoja akauliza, "Fundi, suruali yangu nikija kuichukua nikute na uji?" Ukakaa, ukachukua uzi ukajaribu kuutia kwenye sindano. Ulikosa mara tatu.

Mama Eliya peke yake hakucheka. "Basi hili utalivaa wewe. Pasaka utaimba."

"Mama Eliya, mimi sina sauti."

"Hata maharage hayakuwa na mizizi. Itaota."

Asubuhi ya Pasaka ulisimama mstari wa nyuma, mwisho kabisa, na kila kwaya ilipogeuka kanisa zima liliona madoa yako. Ulifungua mdomo na kuufunga kama samaki, bila kutoa hata sauti moja. Na ni siku hiyohiyo Mama aliporudi. Bibi alikuwa amepata nafuu, Mama akashuka kwenye lori akaja moja kwa moja kanisani na mzigo wake. Akakuona. Akauma khanga, mabega yakatikisika. Mwanamke aliyekaa karibu naye akadhani Bibi amefariki, akamkumbatia na kuanza kumpa pole. Mama akazidi kutikisika.

Nyumbani ulimpakulia mwenyewe, mlango ukiwa wazi. Alikula yote. Akasogeza sahani mbele akaongezewa. Alipomaliza akanawa mikono, akasema, "Ego, sawa. Jumamosi zote ni zako." Nawe Jumamosi ulipika, miaka yote, mpaka macho yalipokukatalia. Wale wanawake waliokucheka walikuja barazani na vifurushi vyao vyenye unyevu kukuuliza kama maharage yao yamefika, nawe uliacha cherehani ukayakagua kwa uzito uleule uliokagua suti za maharusi.

Mama hajambo, anakutaja kila siku. Hajakubali bado kwamba yako yalikuwa matamu kuliko yake. Mimi naotesha maharage, choroko na ulezi, na naifanya kazi hiyo mlango ukiwa wazi.

Siku ile barazani sikukushukuru. Nilikuwa mdogo, nikadhani baba yeyote angesimama. Nimeishi na watu wazima miaka mingi sasa, nimeona wengi waliokaa.

Asante, Baba. Endelea kupumzika.

Ni mimi binti yako,
Domitila