Bunduki ya Tano

Saa 1:10 asubuhi. Picha mbili za bunduki nilizobandika kwenye friji Jumapili bado ziko, na hakuna aliyetia alama.

Mama Lynette, ukitoka zamu, uji uko kwenye chupa ya chai. Derek, toa pipa la taka kabla ya saa tatu. Funguo za kabati la bunduki ninazo mimi.

Niliwaomba mnichagulie ya tano ya mkusanyo wangu wa bunduki za kale, kwa kuwa nne za kwanza nilichagua peke yangu na hakuna aliyewahi kuuliza habari zake. Leo nimewauliza watoto tena. Derek: "Si zinafanana tu?" Lynette: "Baba, chukua inayojua kuongea, ikupe kampani." Nimecheka. Wamerudi vyumbani.

~~Nitachukua ile ambayo hali yake ni nzuri zaidi.~~ Nitachukua ile yenye ufa kwenye kitako cha mti. Ni aina aliyobeba babu yenu alipokuwa askari wa msitu kule nyumbani, Tinderet.

Saa 1:31 nimempigia muuzaji, yule mzee wa mtaa wa Mount Dennis. Ameniuliza babu yenu alikuwa mtu wa namna gani. Tumezungumza dakika kumi na tisa.

Baba